Tano Moja Tisa

Ukimwona Lascelles Burrell akirudi kutoka gereji ya mabasi pale Clapton, grisi hadi viwikoni na mfuko wa chakula mkononi, usingemdhania kuwa mtu wa kutafutwa na serikali. Alikuwa fundi breki. Aliongea kidogo, alikula kidogo, na kanisani, enzi alizokuwa akienda na mkewe, alikaa benchi la nyuma kabisa ili atoke wa kwanza. Lakini Jumapili mchana mtu huyohuyo alipanda hadi juu ya ghorofa refu kuliko yote mtaani Hackney, akaketi mbele ya meza mbili za santuri, na madirisha ya London ya mashariki yakaanza kutingishika.

Stesheni yao iliitwa Kipanga. Haikuwa na leseni na haikuwahi kuiomba. Studio ilikuwa chumba cha kulala katika nyumba iliyohamwa humohumo juu ghorofani, dirisha limezibwa kwa blanketi, na mtambo wa kurushia matangazo ulifichwa juu ya paa la jengo la ng'ambo, ili wakaguzi wa serikali wakija kuung'oa wasimkute mtu. Wakaguzi waling'oa, Kipanga wakafunga mwingine. Hao wakaguzi mimi siwahurumii hata kidogo. Wao walipanda kwa lifti na funguo za halmashauri mfukoni, sisi wa redio zisizo na leseni tulipanda ngazi na nyaya tumejizungushia kiunoni.

Mwenzake hewani alikuwa Keith Spurling, mzungu wa Bethnal Green, mgawa maziwa siku za kazi, mwenye mdomo usiopata likizo. Lascelles alipiga santuri, Keith akaongea juu yake. Wote wawili walikuwa watu wa ule muziki wa kasi wa mikesha ya mwaka tisini na mbili, ngoma zinazokimbia na besi inayotikisa kifua, na wakati wengine walishahamia mitindo mipya, wao walibaki palepale.

Lascelles aliutengeneza muziki huo mwenyewe, chumbani kwake, kwa vyombo ambavyo wenzake walishavitupa jalalani: kompyuta ya kijivu ya kuchomeka diski za plastiki, mashine ya ngoma iliyong'oka vitufe viwili, na kinasa, yaani lile sanduku la chuma unalolisikilizisha kipande cha sauti, kisha unakipiga kwa kidole kama unapiga kinanda. Kinasa chake kilikuwa na nafasi ya sekunde chache tu. Kwa hiyo sauti uliinasa ikiwa imeharakishwa, ili ichukue nafasi ndogo, na kila ulichokiweka ilibidi kwanza ufute kingine.

"Mzee, watu wa makumbusho wamenipigia," Keith alikuwa akimwambia. "Wanakitaka hicho kikompyuta. Na wewe wanakutaka ukiwa umekaa mbele yake hivyohivyo."

"Waambie walete chai."

Santuri yake iliyopendwa kuliko zote ilitokana na mkewe, Marva, tena kwa bahati tu. Ilikuwa majira ya baridi, Lascelles yuko chumbani, kipaza sauti kimewashwa anajaribu kunasa sauti ya sinia, Marva akapaza sauti kutoka jikoni: "Lassie, funga mlango, baridi inaingia!" Kinasa kikaidaka. Lascelles akaiharakisha, ikawa nyembamba kama ya mtoto, akaifanya iimbe juu ya ngoma: funga mlango, funga mlango, baridi. Kiangazi kilichofuata watu maelfu waliruka shambani huko Essex mpaka jua likachomoza, mikono juu, wakimwitikia Marva bila kumjua. Mwenyewe alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani wanalipa kiingilio waambiwe wafunge mlango?" akasema. "Waje hapa nitawaambia bure, na vyombo wataosha."

Marva alikuwa na selimundu tangu utotoni. Maumivu yakimshika alilazwa, akarudi. Alilazwa, akarudi, hadi nyumba nzima ikazoea. Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza Lascelles. Mwaka tisini na saba, Jumapili moja ya Novemba, Marva alikuwa hospitali kwa siku ya tatu, na binti yao wa pekee, Corinne, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa kando ya kitanda chake. Upepo wa usiku ulikuwa umeiangusha antena. Corinne akampigia baba yake simu.

"Baba, Mama anakuuliza."

"Mwambie nakuja. Nafunga antena mara moja tu, halafu nakuja. Nitamletea mkate wake wa zabibu."

Alipofika juu ya paa alisikia wakaguzi wakipanda ngazi. Akajifungia kwenye chumba cha mashine ya lifti, na kwa kuwa simu ikilia umekwisha, akaizima. Wakaguzi walikaa wakapiga picha, wakavuta sigara, wakaongea habari za mpira. Mchana wote uliisha amejikunja nyuma ya ile mashine. Aliposhuka na kuiwasha simu, alikuta Corinne amepiga na kupiga, na kuacha ujumbe juu ya ujumbe. Katika wa kwanza alikuwa akiuliza tu baba yuko wapi. Katika wa mwisho hakusema kitu. Zilisikika kelele za wodini na mtu akikokota kiti.

Matanga yalikaliwa usiku tisa, kama kawaida ya watu wa Jamaika, ramu ikamwagwa, madomino yakagongwa mezani. Usiku wa kumi Corinne akafunga begi.

"Nilikupigia mpaka nesi akaninyang'anya simu," akasema. "Ukazima."

Hakupaza sauti, na Lascelles alitamani angalau angepaza. Corinne alikwenda kukaa kwa mama yake mdogo, Anti Icilda, huko Leyton. Lascelles alipiga simu kule, na Icilda ndiye aliyepokea kila mara.

"Hataki, shemeji. Mpe muda."

Akampa muda. Corinne alipopata simu yake ya mkononi, Lascelles aliomba namba. "Si yangu kuigawa," Icilda akajibu. "Akitaka, atakupigia mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo aliyoyashika: atakupigia mwenyewe.

Sasa, ili uelewe yaliyofuata, lazima ujue jinsi watu wa redio zile walivyosalimiana. Simu ya studio ilitangazwa hewani, lakini hakuna aliyeipokea. Msikilizaji akipenda wimbo alibipu: mlio mmoja, anakata. Keith alisoma tarakimu tatu za mwisho, "nakuona, sita sita nane, nakuona," na bipu zikiwa nyingi Lascelles aliirudisha santuri mwanzo. Bipu haijibiwi. Kumpigia aliyebipu lilikuwa kosa kubwa kuliko kumwaga bia kwenye santuri, maana hujui yuko wapi huyo, yuko kazini au darasani, au amejificha na redio chini ya mto. Na jina la mtu halikutajwa kamwe, kwa sababu wakaguzi walikuwa wakirekodi. Hewani watu wote walikuwa tarakimu tatu.

Lascelles alirudi hewani mwezi wa pili baada ya msiba. Ule wimbo wa Marva alikuwa nao kwenye santuri moja tu, zile laini zinazokatwa mojamoja, ambazo kila sindano ikipita inakwangua kidogo. Diski ya kinasa ilishaoza zamani. Kwa hiyo aliupiga mara moja kwa wiki, mwisho wa kipindi, na hata Keith alijua kwamba wimbo ule haurudishwi. Jumapili moja mnamo Machi, sauti ya Marva ilipoanza tu, simu ya studio iliwaka mara moja ikazima. Namba ilikuwa ya simu ya mkononi, iliishia tano moja tisa. Jumapili iliyofuata, wimbo uleule, mlio mmoja, tano moja tisa. Na iliyofuata tena.

Lascelles aliinamia simu akaisoma namba tena. Nani mwingine duniani alijua ile sauti ya kitoto ni ya nani? Yeye alipigiwa akazima. Sasa binti yake anapiga na hataki apokewe. Aliielewa hivyo, na ilimpendeza kuielewa hivyo, kwa sababu ilikuwa adhabu na msamaha kwa pamoja. Akamnyang'anya Keith kipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waanze.

"Tano Moja Tisa," akasema. "Nimekuona. Nipo hapa. Sizimi tena."

Keith alimtazama kama aliyeona bubu akihutubia. Walipotoka hewani akamkabili.

"Una mtu, mzee."

"Sina mtu."

"Una mtu. Mimi na mke wangu miaka kumi na mbili, sijamsemesha hivyo hata siku ya harusi. Nani? Yule mama wa duka la samaki?"

"Kunja waya, Keith."

Ikawa ndiyo maisha yake. Wiki nzima alifunga breki za mabasi akipanga kichwani la kumwambia Tano Moja Tisa. Alimwambia baridi inakuja, avae vizuri. Alimwambia siku ya kuzaliwa ya Marva, bila kutaja ni ya nani, kwamba leo ni siku kubwa, "mimi na wewe tunaijua." Alimwambia amepika wali na maharage, ukaungua chini, na akaula hivyohivyo. Simu ikawaka mara moja, ikazima. Jumapili jioni alirudi nyumbani akipiga mbinja. Alianza kunenepa kidogo. Icilda akaacha kusema "mpe muda", kwa sababu Lascelles hakuwa akipiga tena. Aliona hana haja. Mambo yalikuwa yakienda taratibu, binti yake alikuwa njiani kurudi, na yeye si mtu wa kumkimbiza.

Miaka sita ikapita namna hiyo.

Mwaka wa elfu mbili na nne halmashauri iliamua kuyabomoa maghorofa yale. Wapangaji wa mwisho walihama, lifti zikazimwa, na vijana wa stesheni za majengo mengine walikuwa wakitangaza kwa kompyuta mpya, wala hawakuhitaji wazee wawili na santuri zao zilizokwaruzika. Keith alisema ni vizuri, magoti yake hayataki ngazi tena. Lascelles hakulala wiki ile. Kwake haikuwa stesheni iliyokuwa inafungwa. Ule mlio mmoja wa Jumapili ndio uliokuwa ukikatwa, na hakuwa na waya mwingine wa kumfikia mwanawe.

Jumapili ya mwisho aliupiga wimbo wa Marva. Santuri ilikuwa imelika kiasi kwamba maneno yalisikika kwa mbali, chini ya mchakacho. Simu ikawaka mara moja. Lascelles akashika kipaza sauti, akasema tu, "Asante, Tano Moja Tisa. Asante kwa kunivumilia." Kisha wakazima mitambo, na Kipanga ikawa haipo.

Keith alipokuwa akishusha spika ngazini, Lascelles aliichukua simu ya studio.  Akapiga moyo konde, akaipiga ile namba.

Ililia kwa muda. Ikapokewa.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, tena mzungu, wa palepale London ya mashariki.

"Samahani," Lascelles akasema. "Namtafuta... hii ni namba ya nani?"

"Ni wewe," mwanamke akasema. "Ni wewe wa redio. Jamani, kipenzi, sikutegemea kama mnapiga."

Jina lake lilikuwa Edna Pargeter, mjane, mkazi wa nyumba za chini upande wa pili wa mtaa. Simu ile aliachiwa na mwanawe kabla hajahamia Australia. Aliongea upesi, kama anayeogopa kukatwa.

"Nitakwambia ukweli, kipenzi, na usinikasirikie. Siku ya kwanza nilipiga kukugombeza. Natega ibada ya Jumapili, tenzi zangu, naletewa makelele yenu juu yake. Nikapiga, ikalia mara moja, nikaogopa, nikakata. Wiki ya pili hivyohivyo. Ya tatu nasikia mtu anasema tano moja tisa, nimekuona, nipo hapa. Nikageuza simu nikaangalia kikaratasi alichobandika mwanangu, namba yangu! Nilikuwa sijasalimiwa na mtu tangu Jumatano. Basi nikawa nangojea. Umefika ule wimbo wa katoto kanakolilia mlango, nabonyeza. Ukaniambia nivae vizuri, nikavaa."

Lascelles alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Si mtoto," akasema. "Ni mke wangu."

"Ooh. Na yeye anapika vizuri kuliko wewe, natumaini?"

"Alikufa."

 Bi Edna akauliza, kwa sauti ndogo, "Mimi ulidhani ni nani, kipenzi?"

Lascelles alimwambia ni habari ndefu, akamtakia Jumapili njema, akakata. Alilia pale sakafuni, kilio cha mtu mzima, chenye kukoroma na kisicho na aibu. Keith aliporudi kuchukua spika ya pili alimkuta hivyo, akaiacha spika palepale. Alikaa karibu yake mpaka chumba kikawa giza.

Kilichomchoma zaidi hakikuwa uongo, maana hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba kwa miaka sita alijiona amesamehewa, na kwa hiyo hakuwahi kwenda kuomba msamaha. Kwa Icilda alijua fika kwamba kila Jumapili mchana wanakula pamoja, Corinne hakosi. Leyton si mbali, basi moja tu. Na kila Jumapili mchana, binti yake akiwa amekaa mezani, yeye alikuwa juu ya ghorofa anazungumza na Edna Pargeter.

Jumapili iliyofuata, akiwa hana kipindi tena, alivaa koti lake la kanisani akapanda basi. Icilda alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu.

"Shemeji," akasema. "Umechukua muda kweli." Akampisha.

Corinne alikuwa mezani. Alikuwa mwanamke sasa, miaka ishirini na miwili, nywele amezikata fupi, na alipoinua uso alikuwa na paji la uso la Marva. Lascelles alisimama na kofia mkononi. 

"Nilizima simu," akasema. "Mama yako alikuwa akiniuliza, na mimi nikazima simu. Nimekuja kusema hivyo. Ningekuja zamani."

"Ungekuja," Corinne akasema.

"Niliona... Redio, unajua..."

"Najua redio. Nilikuwa nasikiliza." Alisukuma sahani yake. "Ulivyorudi tu hewani. Nilikuwa naingia na karedio ka Anti chumbani, naweka sikioni. Sikukosa hata Jumapili moja. Nilikuwa nangoja unisemeshe. Hata si jina, najua hamtaji majina. Kitu chochote tu, nijue ni mimi."

"Corinne."

"Halafu ukaanza na yule mwanamke wako."

Icilda alisimama na kijiko mkononi.

"Mama hana hata miezi minne kaburini," Corinne akasema, "na wewe unamwekea mwanamke mwingine sauti ya Mama. Nimekuona, nipo hapa, sizimi tena. Mimi ndiye niliyezimiwa, yeye ndiye anaambiwa sizimi tena. Na ulikuwa unamwambia kwa sauti ileile uliyokuwa ukiniitia mimi nikiwa mdogo. Nikaizima redio. Sijaiwasha tena."

 Lascelles alishika ukingo wa kiti.

"Nilidhani ni wewe," akasema.

"Nini?"

"Tano Moja Tisa. Nilidhani ni wewe unanibipu. Yote yale nilikuwa nakwambia wewe."

Corinne alimwangalia, akitafuta kama ni uongo, na Icilda, aliyemjua Lascelles tangu ujana, alishajua si uongo, akageukia jiko na kujifuta macho kwa aproni.

"Alikuwa nani, basi?"

"Bibi mmoja. Tulikuwa tunamharibia tenzi zake."

Corinne alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko, lakini haikuishia hivyo. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Lascelles alitaka kumgusa bega na hakujua kama ameruhusiwa, akabaki na mkono hewani, kisha akaurudisha kwenye kofia.

"Ulikuwa unasema nini?" Corinne akauliza kutoka nyuma ya viganja. "Hiyo miaka mingine yote. Baada ya mimi kuzima. Ulikuwa unaniambia nini?"

Lascelles alijaribu kukumbuka. Alijua alisema mengi, alikuwa akiyapanga wiki nzima chini ya mabasi, lakini sasa alipotakiwa kuyasema, hakuna alilolipata ila habari ya baridi, na ya wali ulioungua.